Uzi: Kumchukua mbwa mzee mwenye maradhi kutoka kituoni, tuambiane ukweli wa matunzo yake

#1 Mlimani_Meru (mleta mada)

Wakuu, salaam. Humu jukwaani nyuzi za mbwa nyingi ni za kuuza na kununua watoto. Leo naomba tuwazungumzie wale ambao hawana mnunuzi: mbwa wazee waliotelekezwa, wakaokotwa, na sasa wanakaa vituoni wakiwa na ugonjwa unaotaka dawa kila siku.

Mimi na mke wangu tunaye mmoja, anaitwa Bobi. Tulimchukua kituo cha kuokolea wanyama nje kidogo ya mji wa Arusha. Mwenyewe alihama nchi akamwachia mlinzi, mlinzi naye akapata kazi kwingine, mbwa akabaki barabarani. Watu wa kituo walimkuta kupe wamemjaa mpaka ndani ya masikio.

Umri wake wanakadiria miaka 10 hadi 12. Ni makadirio kweli, maana mbwa akishafika kama miezi saba meno yote ya ukubwani yameshaota. Baada ya hapo mtu anaangalia tu meno yalivyosagika, ukoga, mvi za usoni na macho. Kwa hiyo ukiambiwa "ana miaka 9", weka akilini kwamba anaweza kuwa na 7 au 12.

Kiafya Bobi ana mambo matatu. Alikuwa na ehlikia, ule ugonjwa wa damu unaoletwa na kupe. Viungo vya miguu ya nyuma vimechakaa. Na figo zimeanza kuchoka. Nikiyaandika hivi yanatisha. Ukiyapanga kwenye siku yanakuwa kazi ya kawaida ya nyumbani: asubuhi dawa na chakula, matembezi mafupi, maji safi muda wote, jioni chakula tena, kumpapasa mwili mzima kutafuta kupe, kisha kulala. Ndiyo maana nimeleta uzi. Watu wengi wenye moyo mzuri wanaogopa neno "mgonjwa" wanaacha, na wengine wanachukua kwa huruma bila kupiga hesabu, baada ya miezi miwili wanamrudisha. Mbwa mzee akirudishwa kituoni mara ya pili anaumia sana. Wa kwetu tulimwona alivyokuwa siku za mwanzo: analala kaelekeza uso getini, hali chakula mpaka giza liingie.

Kitu cha kwanza kabla ya kusaini chochote, ombeni daktari wa mifugo ampime damu. Msitosheke na kuangaliwa macho na ulimi. Kipimo kikubwa cha damu kinaonyesha upungufu wa damu na chembe za kugandisha damu, kipimo cha figo na ini kinaonyesha dawa gani atazimudu, na kipimo cha magonjwa ya kupe ni cha lazima kwa mbwa yeyote wa huku kwetu. Sisi bila kile kipimo cha figo tungempa dawa ya maumivu ambayo ingemmaliza.

Kitu cha pili ni sakafu. Nyumba zetu siku hizi ni vigae kila mahali, na mbwa mwenye viungo vibovu hawezi vigae. Bobi akitaka kuinuka anatanguliza miguu ya mbele, anatulia hapo kidogo, halafu anajivuta nyuma. Ile ya nyuma ilikuwa inatawanyika huku na huku, anaanguka kwa tumbo, anatuangalia. Tulitandika vipande vya zulia la mpira kuanzia anapolala mpaka mlangoni na mpaka kwenye bakuli la maji, tukampunguza kucha. Tangu hapo anainuka mwenyewe. Hakuna dawa iliyoleta nafuu ya haraka kama zile njia za mpira.

Kitu cha tatu ni baridi. Arusha ya Juni na Julai mnaijua. Banda la mabati juu ya sakafu ya saruji halimfai mbwa mzee hata kidogo. Wa kwetu analala ndani ya veranda iliyozibwa upepo, juu ya godoro la sponji lililovikwa kava la turubai jepesi, kwa sababu mwenye figo hukojoa sana na usiku mwingine hawahi kutoka nje.

Naomba wenye uzoefu mchangie. Madaktari kama mpo, karibuni sana.

#2 Fundi_Sanu

Mkuu, kwa heshima zote. Mimi ninafuga mbwa wa ulinzi. Mzee wa miaka 11 anayekojoa ndani atamlinda nani? Hiyo hela ya dawa si bora umsomeshee mtoto wa ndugu yako? Sina nia ya kukukwaza, nauliza tu kama anavyouliza jirani yako yeyote.

#3 Mlimani_Meru

Hujanikwaza, mkuu. Hata baba yangu mzazi aliniuliza hivyo hivyo, nikamjibu. Ada za watoto tunaowasomesha zimelipwa kabla ya Bobi na zitaendelea kulipwa. Hela yake inatoka kwenye matumizi yetu wenyewe. Tulikaa mezani na mke wangu tukaangalia nini tunaweza kupunguza, na tulipoona inawezekana ndipo tukaenda kituoni. Ambaye hesabu yake haikubali asichukue, wala hana dhambi.

Kuhusu ulinzi, masikio yake bado yapo. Mtu akigusa geti usiku anabweka kwa sauti nene kuliko mbwa wa jirani wote, na hata mwizi hajui kama aliyebweka ana miaka 2 au 12. Lakini nakuambia ukweli, hatukumchukua kwa ajili hiyo. Alimtumikia mtu miaka yote halafu akaachwa barabarani. Sikuweza kupita.

#4 Dokta_wa_Wilaya

Mleta mada, uzi mzuri. Mimi ni daktari wa mifugo, kazi yangu kubwa ni ng'ombe na kuku lakini mbwa wananifikia kila wiki. Naomba nifafanue machache, na mwenye mbwa mgonjwa bado ampeleke kwa daktari wake, asitibu kwa uzi.

Ehlikia: mdudu wake anaenezwa na kupe wa kahawia wa mbwa. Kupe huyu ana tabia ya kuishi ndani ya nyumba na mabanda, kwenye nyufa za kuta na chini ya godoro. Ukimtibu mbwa bila kutibu banda unajisumbua. Ugonjwa una hatua ya kujificha, mbwa anaweza kuonekana mzima miezi mingi hata miaka, halafu akaanza kukonda, kutoka damu puani, au kupata vidoti vyekundu kwenye ufizi na tumboni. Matibabu ya kawaida ni antibiotiki iitwayo doksisaiklini kwa siku 28. Watu wanaacha siku ya 7 kwa sababu mbwa ameanza kula. Maliza siku zote. Mpe pamoja na chakula na maji kidogo baada yake, kwani kidonge kikikwama kwenye koo la chakula kinachoma. Na kuna jambo linalowavuruga watu: kile kipimo cha haraka kinatafuta kingamwili, yaani kinga ambayo mwili ulitengeneza kupambana na mdudu, kwa hiyo kinaweza kuendelea kusoma kwamba anao muda mrefu baada ya kupona. Tunaangalia damu yenyewe na hali ya mbwa.

Akiwa na homa, ufizi mweupe na mkojo wa kahawia, hiyo inaweza kuwa babesia, ugonjwa mwingine wa damu unaoletwa na kupe. Dawa yake ni nyingine, na hapo usisubiri kesho.

Dawa za maumivu: NAWAOMBA. Msimpe mbwa diklofenaki wala ibuprofeni. Zinatoboa tumbo na kuua figo, na mbwa mzee ndiye anayeathirika haraka zaidi. Panadol nayo usimpe kwa kujiamulia, na kama kuna paka nyumbani, kidonge kimoja tu kinaweza kumuua. Zipo dawa za maumivu za mbwa, kwa mfano meloksikamu, lakini nazo hupimwa kwa kilo za mbwa na baada ya kujua figo zikoje. Mleta mada amesema kweli kabisa kuhusu kipimo.

Dawa za kuogeshea kupe: ile ya ng'ombe usiipime kwa jicho ukammwagia mbwa. Nimepokea mbwa wanatetemeka, wanatoa mate, wengine hawakurudi nyumbani. Kuna dawa za mbwa za kudondoshea mgongoni, kola, na vidonge vya kutafuna, vingine vinakaa wiki 12. Mwambie daktari kama mbwa amewahi kuwa na degedege, maana baadhi ya hivyo vidonge havimfai. Na dawa ya kupe yenye pamethrini inaua paka, soma karatasi.

Figo: dalili za kunywa na kukojoa sana zikionekana, tayari sehemu kubwa ya figo, takriban theluthi mbili, imeshapoteza kazi. Usimnyime maji ili asikojoe ndani. Nasikia watu wanafanya hivyo. Utamuua kwa kiu.

#5 Rongai_Moja

Salamu kutoka Kajiado upande wa Nairobi. Sisi huku mbwa wetu tulimtoa KSPCA, lile shirika la Kenya la kuzuia ukatili kwa wanyama, pale Karen. Mbwa jike mzee, jicho moja limeingia mtoto wa jicho, jingine lina ukungu wa bluu. Daktari alitueleza kwamba ule ukungu wa bluu ni lenzi kukomaa kwa uzee, mbwa wengi wa zaidi ya miaka 7 huwa nao na bado wanaona. Jicho jeupe kama limepakwa chokaa ndilo limezibika. Na akasema mbwa akipata mtoto wa jicho ghafla apimwe sukari.

Kwa mbwa asiyeona vizuri, siri ni kutohamisha vitu. Viti vyetu viko palepale mwaka mzima. Watoto wamefundishwa kuita jina lake kabla ya kumgusa. Ukimshika ghafla akiwa usingizini anaweza kukugeukia na meno kwa hofu, na huo si ukali.

Shida yetu kubwa ilikuwa nyumba ya kupanga. Mwenye nyumba anakubali mbwa mdogo, akiona mzee mgonjwa anaanza maneno. Ushauri wangu: zungumza na mwenye nyumba KABLA, uandikiwe kwenye mkataba. Kituo pia watakuuliza hilo, na wakitaka kuja kuona unapoishi msikasirike, wanajua mbwa wangapi wamerudishwa kwa sababu ya landilodi.

Kwa walio Nairobi wenye kesi ngumu, kliniki ya wanyama wadogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi iko Kabete. Ndiko wanakofundishwa madaktari wenyewe.

#6 Dokta_wa_Wilaya

Asante Rongai. Kwa Tanzania wenye kesi nzito wakumbuke Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, nao wana hospitali ya wanyama.

Pia nilisahau kichaa cha mbwa. Mbwa aliyeokotwa, hata awe mzee wa namna gani, mchukulie kwamba hajachanjwa mpaka uone kadi. Achanjwe, na kila mwaka arudie. Karibu visa vyote vya kichaa cha mbwa kwa binadamu, hadi asilimia 99, vinatokana na mbwa. Mtu aking'atwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Dalili zikishaanza hakuna dawa. Kila mwaka kuelekea tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, sehemu nyingi huwa na chanjo za kampeni, ulizeni kwa afisa mifugo wa kata.

#7 Mwana_wa_Pangani

Assalaam alaykum. Nataka kuchangia kwa upande wa sisi Waislamu, maana najua wapo wanaosoma uzi huu kimyakimya wakidhani haliwahusu.

Huku kwetu wengi tunafuata madhehebu ya Shafi. Mate ya mbwa ni najisi nzito, yakikugusa unaosha mara saba, moja kwa udongo. Hilo halina mjadala nyumbani kwangu. Lakini kufuga mbwa wa ulinzi, wa mifugo au wa shamba kumeruhusiwa, na kumtesa au kumwacha afe njaa hakujaruhusiwa popote. Mnaijua hadithi ya yule mtu aliyeshuka kisimani, akajaza kiatu chake maji, akapanda akamnywesha mbwa aliyekuwa akila udongo kwa kiu, Mwenyezi Mungu akamsamehe madhambi yake. Masahaba wakauliza kama kuna ujira kwa wanyama, Mtume (S.A.W.) akawajibu kwamba kwa kila chenye uhai upo ujira. Mbwa yule hakuwa wa kulinda mali ya mtu. Alikuwa na kiu tu.

Mimi nina shamba la minazi na mihogo. Mbwa wetu amezeeka humo humo shambani, na mwaka jana nikaongeza mwingine mzee aliyeachwa na mwekezaji aliyefunga hoteli yake. Wote wanakaa nje, wana kibanda chao kilichoinuliwa kwa matofali, paa la makuti, ndani nimetandika magunia ya katani. Vyombo vyao ni vyao, vina rangi yao, havichanganyiki na vya jikoni. Dawa nawapa nikiwa nimevaa glavu, natumbukiza kidonge ndani ya tonge la ugali na samaki asiye na miba, natupa, anadaka. Nguo za shambani nabadilisha kabla ya swala. Haijanizuia chochote.

Joto la pwani ni adui wa mbwa mzee kama ilivyo baridi ya Arusha. Mchana wasitembezwe. Kivuli na maji ya baridi, basi. Na mbu wa huku wanaeneza mnyoo wa moyo, kwa hiyo walio pwani muulizeni daktari kinga yake.

#8 Fundi_Sanu

Shehe, umenigusa. Endeleeni, ninasoma.

#9 Mama_Nuru

Mimi nipo Mbeya. Nimesoma nikaona nisikae kimya. Mbwa wetu jike alipookotwa alikuwa anatoka damu sehemu za siri, kila mtu akasema yuko kwenye joto. Miezi inapita damu haikatiki. Daktari alipoangalia akakuta uvimbe mwekundu unaosagika ukiguswa. Akatuambia ni saratani inayoambukizwa kwa kupandana, na ipo sana kwa mbwa wa mitaani.

Niliposikia saratani nikajua ndiyo mwisho, na mbwa mwenyewe mzee. Kumbe hii ni katika saratani chache ambazo mbwa hupona kabisa. Anachomwa sindano ya vinkristini mara moja kwa wiki, wiki kadhaa, na kabla ya kila sindano damu inapimwa kwa sababu dawa inashusha chembe nyeupe. Ile dawa ni kali, daktari alitufundisha kuvaa glavu tukisafisha mkojo na kinyesi siku zinazofuata, na watoto wakae mbali. Uvimbe ulikuwa unapungua tukiona kwa macho. Baadaye akafungwa kizazi.

Nasema hivi kwa wale watakaoenda kituoni wakaona mbwa anatoka damu wakampita. Ulizeni kwanza ni nini.

#10 Kijana_wa_Usa

Wakuu, tuelezeni chakula. Huyu wa figo anakula nini? Mimi wa kwangu anakula ugali na dagaa, na mifupa ya buchani.

#11 Mlimani_Meru

Kwa mbwa mzima mwenye meno hilo halina tatizo kubwa, ila mifupa iliyopikwa acha, inapasuka vipande vikali na kuchana utumbo. Kwa mwenye figo ni habari nyingine. Adui hapo ni fosforasi, nayo imejaa kwenye mifupa na kwenye dagaa wanaoliwa na miba yao. Bobi kwetu dagaa tulimkatia ikatuuma maana anawapenda kweli. Anakula wali laini, nyama kiasi bila mfupa, ute wa yai uliochemshwa kwa wingi kidogo kuliko kiini, na boga au karoti. Chumvi hatutii, kitunguu hatutii kabisa, kitunguu kinaharibu damu ya mbwa.

Lakini usininakili. Daktari wetu ndiye aliyepanga vipimo na akaongeza madini ya kalsiamu, kwa sababu chakula cha kupika nyumbani bila mifupa hupungua kalsiamu. Kuna chakula cha dukani maalumu kwa figo. Kwa mbwa mkubwa mfuko unaisha haraka, kwa hiyo hesabu kabla.

Na uzito! Mbwa mwenye viungo vibovu asinenepe. Hapo daktari alikuwa mkali na tulimshukuru baadaye. Kila kilo ya ziada inabebwa na nyonga zilezile. Tunampapasa mbavu: zinapaswa kugusika bila kubonyeza kwa nguvu.

Meno usiyasahau. Bobi alikuwa anadondosha chakula, tukadhani ni figo, kumbe jino limeoza mpaka kwenye mzizi. Aling'olewa mawili kwa usingizi. Watu wanaogopa usingizi kwa mbwa mzee. Uzee peke yake haumkatazi, ila damu ipimwe kabla na awe na dripu wakati wa kazi. Wiki iliyofuata alianza kula kwa sauti.

#12 Dokta_wa_Wilaya

Sahihi. Niongeze kitu kimoja ambacho kila mtu anaweza kukifanya bila kulipa senti. Mbwa mzee akiwa amelala fofofo, hesabu anavuta pumzi mara ngapi kwa dakika. Kifua kupanda na kushuka ni moja. Ikiwa chini ya 30 ni kawaida. Ikianza kupita 30 siku baada ya siku akiwa usingizini, na hasa akiwa anakohoa usiku, mpeleke apimwe moyo. Andika kwenye daftari. Mwenye mbwa anayekuja na daftari ananirahisishia kazi kuliko mwenye maneno mengi.

Na wale ambao mbwa anazunguka usiku, anakwama kwenye kona, analia bila sababu, anasahau njia ya mlango: akili nayo huzeeka. Msimchape. Ratiba isibadilike, taa ndogo iachwe, na apimwe kuhakikisha si maumivu au figo.

#13 Rongai_Moja

Swali gumu ambalo hakuna aliyeligusa. Mwisho wake. Mnajuaje wakati umefika? Maana ukichukua mzee unajua hautakaa naye miaka kumi.

#14 Mama_Nuru

Yule wangu aliishi baada ya saratani ile, kisha figo zikamchukua. Tulikubaliana na daktari mapema tukiwa na akili tulivu, kwamba tutaangalia mambo manne: anakula? anainuka kwenda haja? anakuja ukimwita? usiku analala au anahema kwa maumivu? Tulikuwa tunaandika siku nzuri na siku mbaya kwenye kalenda ya ukutani. Siku mbaya zilipozidi nzuri tukamwita daktari aje nyumbani. Alichomwa kwanza sindano ya usingizi, akalala kichwa kwenye kanga yangu, ndipo akachomwa ya mwisho. Hakuhangaika. Wanangu walitaka kuwepo nikawaruhusu. Majirani walinishangaa kwa kulia, lakini mume wangu alichimba shimo mwenyewe, refu, nyuma ya migomba, mbali na kisima.

Msikubali mbwa apewe sumu eti ndiyo rahisi. Ni mateso makubwa. Nchi yetu ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008, na daktari yupo.

#15 Mlimani_Meru

Pole sana mama. Asante kwa kutuandikia.

Rongai, mimi na mke wangu tulishajua tunaanza safari fupi. Tulichokubaliana ni kwamba muda wake uliobaki, uwe mwezi au miaka mitatu, asilale tena kwenye baridi wala asiumwe bila mtu kujua. Hilo linawezekana kwa uwezo wetu, na tunalifanya.

#16 Kijana_wa_Usa

Mkuu, Jumamosi naenda na mama kituoni. Kuna jike mmoja tumemwona kwenye picha zao, wameandika "mzee, ana matatizo ya ngozi na viungo, mpole". Niulize nini?

#17 Mlimani_Meru

Vizuri sana. Omba kwanza karatasi za matibabu, uzipige picha. Uliza amepimwa magonjwa ya kupe lini, na kama ametibiwa, alimaliza siku zote? Ngozi: wamekwangua na kuangalia ukurutu? Aina moja ya ukurutu huambukiza watu, mama asianze kujikuna bila kujua sababu. Uliza kama amefungwa kizazi. Kama bado, ujue jike mzee yuko kwenye hatari ya kizazi kujaa usaha, na hiyo ni dharura ya upasuaji. Uliza anaishije na kuku, maana najua mama ana kuku.

Uliza pia kama wanakubali ulezi wa muda kabla ya kumchukua moja kwa moja. Vituo vingine vinakubali mbwa mgonjwa akae kwako huku wao wakiendelea na gharama za daktari mpaka atulie. Si aibu kuuliza.

Kisha pata bei ya dawa ya mwezi mmoja kwa uzito wake, zidisha kwa 12, ongeza vipimo vya damu mara mbili kwa mwaka na akiba ya dharura. Bei ya Arusha mjini na ya huko kwenu Usa River hazilingani, ulizeni sehemu mbili.

Ukimleta, siku za mwanzo msialike watu kuja kumwona. Mpeni kona moja, maji, mtu mmoja wa kumlisha. Usimwachie kamba njiani hata akionekana mpole, mbwa mgeni anakimbia na hajui nyumbani ni wapi bado.

Na kabla hamjaondoka, mtafute kijana anayewalisha pale kituoni. Mwombe akuonyeshe anavyompa dawa, anapenda kuguswa wapi na wapi hapendi. Yule anamjua kuliko karatasi.

#18 Kijana_wa_Usa

Nimeandika yote kwenye daftari, mama naye ameyasoma. Ameuliza zulia la mpira linauzwa wapi.

#19 Mlimani_Meru

Maduka ya vifaa vya magari, wanalikata kwa mita. Chukueni lenye mistari, lile laini linateleza likilowa. Tunasubiri mrejesho.